Kizibao Hakimfanyi Mbwa Kuwa wa Huduma

Haipiti miezi mingi kabla video ya aina hii haijasambaa tena mitandaoni. Msafiri amesimama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, kamkumbatia mbwa mdogo kifuani, machozi yanamlengalenga. Ana barua ya mtaalamu inayosema mbwa huyo humtuliza anaposhikwa na wasiwasi. Mhudumu anamjibu kwamba kwa kanuni mpya za ndege za Marekani barua hiyo haitambuliki tena, kwa hiyo mbwa atalipiwa kama mnyama mwingine yeyote wa nyumbani na atasafiri ndani ya kikapu. Hapo wachangiaji hugawanyika. Wapo wanaosema wagonjwa wa akili wamebaguliwa kwa mara nyingine, na kwamba angekuwa haoni asingeguswa. Wengine wanasema huyo ni mlaghai tu anayekwepa nauli ya mbwa. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na naona kambi zote mbili zimepotea njia mahali pamoja. Zote zinapima ukubwa wa maumivu ya msafiri: moja inaamini ni makubwa, nyingine haiamini. Kanuni haikumuuliza lolote kuhusu maumivu yake. Ilimuuliza mbwa amefundishwa kufanya kazi gani.

Hoja yangu ni kwamba kubanwa huku kwa kanuni kumeeleweka vibaya. Mstari uliochorwa haupiti kati ya ulemavu unaoonekana na usioonekana, wala kati ya mgonjwa wa kweli na wa kujifanya. Unapita kati ya mnyama anayetenda jambo na mnyama ambaye faida yake ni kuwepo tu. Wote wawili wanaweza kuwa na thamani isiyopimika kwa mwenye nao, lakini wanahitaji haki tofauti. Tunapowachanganya, wa kwanza kuumia ni yule ambaye bila mnyama wake havuki barabara, na anayemfuata ni mgonjwa wa akili mwenyewe, yule tunayedai tunamtetea.

Uzito wa neno "kutenda" niliuelewa siku moja nilipokuwa nikitembea na rafiki yangu asiyeona. Mbwa wake alikuwa kushoto kwake, mbele kidogo, na rafiki yangu ameshika mpini mgumu uliofungwa kwenye mkanda wa kifua cha mbwa. Tulikuwa katikati ya mazungumzo, mimi namtazama yeye usoni badala ya kutazama njia. Mara mbwa akasimama na kujiweka kimlalo mbele ya miguu yake. Rafiki yangu akamwamuru aendelee. Mbwa hakuondoka. Akaamuru tena, mbwa akakaza miguu. Ndipo rafiki yangu alipotanguliza mguu mmoja taratibu, ncha ya kiatu ikapapasa ukingo wa mtaro uliochimbwa asubuhi ile ile, bila hata kamba ya kuuzingira. Mimi mwenye macho mawili sikuuona. Wanaofundisha mbwa hawa huuhesabu ukaidi huo kuwa kilele cha mafunzo. Mbwa hufundishwa kutii kwa miezi mingi, kisha hufundishwa ni lini asitii. Watu hudhani mbwa huyu husoma taa za barabarani. Hazisomi. Asiyeona ndiye anayesikiliza magari na kuamua kuvuka. Kazi ya mbwa ni kukataa pale uamuzi huo unapoelekea kumuua bwana wake.

Kazi ya namna hii ina historia inayojulikana. Shule za kwanza za mbwa wa kuongoza wasioona zilianzishwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Ile ya Oldenburg ilianza 1916. Mwaka 1928 kijana Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alisafiri hadi Uswisi kwa Dorothy Eustis, mfunza mbwa aliyekuwa ameandika gazetini kuhusu shule hizo za Ujerumani. Alirudi New York na mbwa aliyemwita Buddy, wakavuka barabara iliyojaa magari huku waandishi wa habari wakiwatazama. Mwaka uliofuata shule ya The Seeing Eye ikaanzishwa. Jambo la kukumbuka ni yaliyofuata baadaye: Frank alitumia miaka mingi kupigania haki ya kupanda treni, kuingia hotelini na kula mgahawani akiwa na mbwa wake. Milango ilifunguka kidogo kidogo kwa sababu aliweza kuonyesha, mbele ya macho ya mwenye mlango, kwamba mbwa yule anafanya kazi ambayo fimbo wala mtu wa kukodi hangeifanya vilevile. Haki ya kuingia ilitokana na kazi. Haikutokana na huruma, wala na mapenzi ya Frank kwa Buddy, ingawa alimpenda sana.

Tangu hapo orodha ya kazi imerefuka. Wako mbwa wanaomgusa kiziwi na kumpeleka kunakolia kengele, mtoto au king'ora cha moto. Wako wanaookota funguo, kufungua milango na kuwasha taa kwa niaba ya mtu wa kiti cha magurudumu. Wako wanaokaa na mwenye kifafa anapoanguka, wakamlinda na kwenda kuita msaada. Wako pia, na hili ndilo linalosahaulika kwenye mabishano yetu, wanaowahudumia wenye maradhi ya akili. Mbwa hufundishwa kumwamsha askari mstaafu katikati ya jinamizi, kumlalia kifuani kwa uzito wake mpaka pumzi irudi, kumtoa kwenye umati anapozidiwa, kukatiza mkono unaojidhuru, au kumsumbua mtu mpaka anywe dawa zake. Hiyo ni kazi kama ilivyo ya yule aliyesimama mbele ya mtaro.

Sheria ya Marekani, ambako istilahi hizi nyingi zimezaliwa, inalisema hilo waziwazi. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, kwa kanuni zilizofanyiwa marekebisho 2010 na kuanza kutumika Machi 2011, inamtambua mnyama wa huduma kuwa ni mbwa aliyefundishwa kumfanyia mtu mmoja mahususi mwenye ulemavu kazi inayohusiana na ulemavu wake, uwe wa mwili, wa hisi, wa akili au wa nafsi. Kuna kifungu cha pembeni kwa farasi wadogo, ambao huishi miaka mingi kuliko mbwa. Kuliwaza peke yake hakuhesabiwi kuwa kazi. Mwenye duka au mgahawa anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu iwapo jambo haliko wazi: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti, kuuliza ugonjwa, wala kutaka mbwa aonyeshe ustadi wake. Hofu ya mbwa au mzio wa wateja wengine si sababu ya kumkatalia. Watu hao hutenganishwa, kila mmoja akahudumiwa sehemu yake. Lakini mbwa akibweka ovyo na mwenyewe asimdhibiti, au akijisaidia ndani, anaweza kutolewa nje hata kama kweli ni wa huduma.

Tazama mfano unaotumika kueleza mpaka huu. Watu wawili wana tatizo lile lile la kushikwa na hofu kali ya ghafla, na kila mmoja ana mbwa. Wa kwanza amefundishwa kuhisi hofu inapokaribia na kuchukua hatua maalumu, labda kumsukuma bwana wake kwa pua mpaka akae chini, au kumwongoza hadi kwenye mlango wa kutokea. Wa pili hukaa karibu naye, na ukaribu huo humtuliza. Wa kwanza ni mbwa wa huduma, wa pili si wa huduma. Ugonjwa ni ule ule, na huenda upendo wa mbwa wa pili ni mkubwa zaidi. Kilichotofautiana ni mafunzo na kitendo.

Aina nyingine, mnyama wa tiba, huchanganywa na hawa wawili ilhali mwelekeo wake ni wa kinyume kabisa. Mbwa wa huduma humhudumia bwana wake. Mbwa wa tiba hupelekwa na bwana wake kwa watu wengine: wodini, kwenye makazi ya wazee, kwenye darasa ambalo mtoto mwenye kigugumizi anapata ujasiri wa kusoma kwa sauti kwa sababu msikilizaji wake hamsahihishi. Wazo hili ni la zamani kuliko mbwa wa kuongoza. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya York Retreat, iliyofunguliwa Uingereza mwaka 1796, iliwawekea wagonjwa sungura na kuku uani ili wawe na kiumbe cha kukitunza. Florence Nightingale aliandika katika karne ya 19 kwamba mnyama mdogo mara nyingi ni mwenzi mzuri wa mgonjwa wa muda mrefu. Mwanasaikolojia wa New York, Boris Levinson, aliligeuza kuwa somo la kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kuona mtoto aliyekuwa amejifungia ndani ya nafsi yake akianza kufunguka kwa sababu mbwa wa daktari, Jingles, alikuwepo ofisini siku ile.

Nilipata kukaa kwenye wodi siku ya ziara kama hiyo. Bibi mmoja aliyepatwa na kiharusi alikuwa akigombana na mazoezi ya mkono wa kulia. Muuguzi akimwambia anyanyue, anageuza uso ukutani. Mbwa akaletwa pembeni mwa kitanda, upande ule ule wa mkono usiotii. Bibi akamtazama kitambo, kisha vidole vikaanza kutambaa juu ya shuka, polepole, vikasimama, vikaendelea, mpaka vikafika kwenye manyoya ya shingo. Hakuna aliyemwamuru. Baada ya kupita vitanda kadhaa mbwa alianza kupiga miayo na kujilamba midomo, na mwenyewe akasema imetosha, akamtoa nje. Miayo hiyo ilikuwa ya mfadhaiko, na mwenye mbwa aliyefunzwa vizuri huisoma mapema. Ndiyo maana ziara hizi hufupishwa. Mnyama wa tiba hupimwa tabia kabla ya kuruhusiwa kuingia, na huingia kwa mwaliko. Akitoka pale hospitalini hana haki ya kuingia dukani kuliko mbwa mwingine wa mtaani kwake. Wenye mbwa hawa, kwa uzoefu wangu, hawalalamiki hata kidogo kuhusu hilo.

Amebaki mnyama wa faraja, yule wa kwenye video. Anaweza kuwa mbwa, paka, sungura au ndege. Hafundishwi kazi maalumu. Faida yake ni kwamba yupo: anapumua chumbani, anahitaji kulishwa asubuhi, na mtu mwenye sonona ambaye asingeinuka kwa ajili yake mwenyewe huinuka kwa ajili ya kiumbe huyo. Sitaki mtu asome makala hii akadhani naidharau faida hiyo. Nimewaona watu waliobaki hai kwa sababu paka alikuwa anawangoja. Sheria ya makazi ya Marekani ya 1968, iliyoongezewa ulinzi wa wenye ulemavu mwaka 1988, imempa mnyama huyu nafasi yake: mwenye nyumba anayekataza wanyama anaweza kulazimika kumruhusu mpangaji mwenye ulemavu anayemhitaji, bila kumtoza ada ya mnyama. Naona hapo sheria imelenga barabara. Kama dawa ni kuwepo, basi dawa hiyo hunyweka nyumbani, mahali mtu analala, anaamka na kulia. Na nyumbani mnyama hakutani na umati, hakutani na kelele za injini, hakutani na mbwa wa mtu mwingine kwenye ujia mwembamba.

Sasa mkanganyiko ulitokea wapi? Sehemu kubwa ulitokea angani. Sheria ya 1986 ya haki za wasafiri wenye ulemavu katika ndege, kwa namna ilivyotafsiriwa kwa miaka mingi, iliyaruhusu makundi yote mawili, wa huduma na wa faraja, ilimradi wa faraja awe na barua ya mtaalamu wa afya ya akili. Barua ni karatasi, na karatasi huuzika. Zikaibuka tovuti zinazomhoji mtu kwa dakika chache na kumtumia barua, kizibao chekundu na kitambulisho chenye picha ya mbwa. Vyeti hivyo havina nguvu yoyote kisheria. Marekani haina daftari rasmi la taifa la kuandikisha mbwa wa huduma, kwa hiyo anayekuuzia usajili anakuuzia jina ndani ya kompyuta yake. Ndege zikaanza kupakia nguruwe, bata na nyani wadogo. Mwanzoni mwa 2018 abiria mmoja alikataliwa kupanda na tausi huko Newark, picha zikazunguka dunia, na watu wakacheka. Yule aliyekuwa na mbwa wa kweli hakucheka, maana kuanzia siku hiyo kila alipofika mlangoni alitazamwa kama ndugu wa tausi.

Desemba 2020 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikatoa kanuni mpya, iliyoanza kutumika Januari 2021: ndani ya ndege mnyama wa huduma ni mbwa aliyefundishwa kazi, na mashirika hayalazimiki tena kumtambua mnyama wa faraja. Hii ndiyo kanuni inayolaaniwa kwenye video zile. Wanaoilaani husahau nusu yake ya pili. Kabla ya hapo, mtu mwenye mbwa wa huduma kwa maradhi ya akili alitendewa sawa na mwenye mnyama wa faraja: angeweza kudaiwa barua ya daktari na kutakiwa kutoa taarifa siku 2 kabla, mambo ambayo asiyeona hakudaiwa. Kanuni mpya imeiondoa tofauti hiyo. Leo askari mstaafu mwenye mbwa wa kumwamsha kwenye jinamizi na mtu asiyeona wanajaza fomu zile zile. Kwa hiyo ile inayoitwa kanuni ya kuwabagua wagonjwa wa akili ndiyo iliyowasogeza kwenye mstari mmoja na walemavu wengine. Nashangaa jinsi jambo hili lisivyosemwa.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito, na sitazipita juu juu. Ya kwanza ni ya kisayansi: je, tuna hakika kwamba mafunzo yanaleta tofauti kubwa kiasi hicho? Idara ya askari wastaafu ya Marekani iliwagawa kwa kura wastaafu wenye kiwewe cha vita. 181 wakapewa mbwa, wengine mbwa wa huduma, wengine mbwa wa faraja. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Katika vipimo vikuu, yaani namna mtu anavyomudu maisha ya kila siku na ubora wa maisha yake, hapakuonekana tofauti ya maana kati yao. Waliopewa mbwa wa huduma walipungukiwa zaidi na dalili za kiwewe chenyewe, ila si kwa pengo la kutisha. Anayetetea mafunzo kama mimi lazima ayameze matokeo hayo bila kuyatafunatafuna. Yanathibitisha kwamba mbwa wa faraja ni msaada wa kweli. Lakini wale wa faraja walisaidia wakiwa majumbani kwa watu wao. Utafiti haukusema kwamba faida hiyo inadai mbwa asiyefundishwa aingie sokoni, hospitalini au ndani ya ndege. Nguvu ya dawa ni swali moja. Mahali pa kuinywea ni swali jingine.

Hoja ya pili ni ya fedha, na hii ndiyo inayoniuma. Mbwa wa huduma hulelewa kwanza na familia ya kujitolea kwa zaidi ya mwaka, akizoeshwa ngazi, makelele na watu. Kisha huingia mafunzo ya kitaalamu kwa miezi kadhaa, na mwisho hukaa wiki kadhaa na mtu atakayemhudumia wajifunze kwenda pamoja. Sehemu kubwa ya wanaoanza hawafiki mwisho: mmoja anaogopa radi, mwingine hawezi kumwona njiwa akamwacha, mwingine ana nyonga mbovu. Aliyefaulu hufanya kazi miaka 8 hivi, kisha hustaafu na safari kuanza upya. Gharama zake hufika makumi ya maelfu ya dola kwa mbwa mmoja, na foleni ya kumsubiri ni ya miaka. Anayesema "haki ni ya mbwa aliyefundishwa" bila kutaja bei anasema haki ni ya mwenye fedha au mwenye bahati ya mfadhili. Sheria ya Marekani imejaribu kulegeza hapo kwa kumruhusu mtu amfundishe mbwa wake mwenyewe bila kupitia shule yoyote, na ni uamuzi wa busara, lakini mtu mwenye sonona nzito anayeshindwa kuoga hawezi kuambiwa akafundishe mbwa. Jibu la hoja hii ni kugharimia mafunzo. Kufuta mpaka hakumpunguzii mtu yeyote gharama. Kunamfanya tu yule aliyengoja miaka mitatu apate mbwa ambaye hakuna anayemwamini mlangoni.

Iko hoja ya tatu, maarufu kuliko zote na dhaifu kuliko zote: "Mbwa wangu hamsumbui mtu, nani anaumia?" Husemwa kwa sauti ya upole, na ndiyo inayowafanya watu wema wanunue vizibao bila kujiona wana kosa. Aumiaye ni mbwa mwingine. Mbwa wa kuongoza akiwa kazini hawezi kujitetea vizuri. Amefungwa mpini, akili yake yote iko kwenye njia, na amefundishwa kutojali mbwa wengine. Mbwa asiyefundishwa, aliyeingizwa kwenye umati unaomtisha, humrukia. Hata jeraha likipona, woga unaweza kubaki, na mbwa anayegeuka nyuma kila asikiapo kubweka hafai tena kumwongoza mtu barabarani. Kazi ya miaka inaishia hapo, ndani ya sekunde chache, na asiyeona anarudi kwenye fimbo na kwenye foleni. Wala si lazima ang'atwe. Inatosha mbwa mwingine ambweke mfululizo kwenye ujia wa duka, amwondoe mawazoni kwa nukta moja mbele ya ngazi. Tena mbwa wa faraja mwenyewe anaumia: alichaguliwa kwa sababu ni mpole sebuleni, halafu anatupwa kwenye ukumbi wenye vipaza sauti na magurudumu ya masanduku, mkia kati ya miguu, kwa sababu bwana wake amesoma mapenzi yake kama ruhusa.

Kwa upande wangu pia kuna hoja ninayoikataa, nayo ni ile ya kudai kitambulisho rasmi kwa kila mtu. Inavutia kwa sababu inaonekana kumaliza ubishi mlangoni. Lakini fikiria anayebeba mzigo huo. Mwenye afya huingia dukani bila kuonyesha kitu. Mwenye ulemavu atatakiwa kueleza mwili wake kwa kila mlinzi na kila dereva, mara kumi kwa siku, na siku akisahau kadi hali chakula. Vilevile tumekwisha kuona karatasi zinavyoghushiwa. Maswali yale mawili ya kisheria ni kipimo bora, kwa sababu mwongo huyajibu kwa hisia, akisema "ananisaidia nijisikie vizuri," na mwenye mbwa wa kweli huyajibu kwa kitenzi: ananiamsha, ananizuia, ananiletea, ananitoa nje. Na tabia ya mbwa hujibu swali la tatu ambalo halihitaji kuulizwa. Mlinzi anayejua kwamba ana haki ya kumtoa mbwa mkorofi, awe na kizibao au asiwe nacho, hana haja ya kuwa mpelelezi wa magonjwa.

Nchi zinazoandika au kuhuisha sheria zake sasa zina nafasi ya kutorudia kosa lile la angani. Uingereza, kwa mfano, kupitia sheria yake ya usawa ya 2010, inawalinda wenye mbwa wasaidizi bila kumpa mnyama wa faraja hadhi ya kisheria ya kuingia kila mahali. California, kuanzia 2022, inamtaka mtaalamu awe amemhudumia mtu kwa angalau siku 30 kabla ya kumwandikia barua ya mbwa wa faraja, na inamlazimu anayeuza mbwa au vizibao vya aina hiyo kumwambia mnunuzi wazi kwamba huyo si mbwa wa huduma. Napenda jinsi sheria hiyo ya pili inavyomfuata muuzaji. Adhabu zilizotungwa katika majimbo mengi zinamlenga mwenye mbwa aliyejifanya, na mara nyingine anastahili. Lakini wengi wao walilipa wakiamini wamenunua haki. Wizara za afya nazo zina sehemu yao: fedha za mafunzo ya mbwa wa huduma zihesabiwe pamoja na fedha za viti vya magurudumu na vifaa vya kusikia. Marekani ilipitisha sheria Agosti 2021 ya kuwashirikisha askari wastaafu wenye kiwewe katika kufundisha mbwa wa huduma, na waruhusiwe kuwachukua mbwa hao baadaye. Ni hatua ndogo, ila imekwenda upande unaotakiwa, wa kuongeza idadi ya mbwa wanaotenda.

Namrudia yule msafiri wa kwenye kaunta, kwa sababu simwoni kuwa mlaghai na simwoni kuwa amebaguliwa. Naona mtu aliyekwenda kutafuta msaada akauziwa barua, na aliyemuuzia hakumwambia kwamba barua ya aina hiyo ilikuwa na kazi kwa mwenye nyumba wake, haina kazi uwanja wa ndege. Hakumwambia kwamba mbwa wake, kama anamudu kelele na ana akili ya kujifunza, angeweza kufundishwa kumsukuma kwa pua hofu inapoanza kupanda, na kwamba siku hiyo ingefika, asingehitaji kulia mbele ya mtu yeyote. Angesema mbwa wake anafanya nini, akajaza fomu, akapanda.